Seva ya GB 64 haitoi wateja 32

Kwa wengi wanaotaka kuanza kupangisha seva pepe (kipande cha seva kubwa kinachofanya kazi kama seva kamili) Mtwara na Lindi, hesabu ni hii: kodi seva ya memori GB 64, ikate vipande vya GB 2, gawanya gharama kwa wateja 32, weka faida yako juu. Inaeleweka, ila inaruka mambo.

Seva mama, yaani ile kubwa uliyoikata, nayo hula memori. Iachie GB 8, zinabaki seva pepe 28. Prosesa unaweza kuigawa kwa wengi kupita idadi ya koa zake (viini vyake vya kuchakata), maana hawaitumii wote kwa pamoja. Memori usithubutu, ikijaa mfumo huanza kuua programu.

Tuseme seva ni dola 80 kwa mwezi, anwani 28 za IP kwa dola 2 ni 56, nakala rudufu dola 14. Jumla 150. Zikipangishwa 17 tu, kila moja imekugharimu karibu dola 9, kabla ya kuhesabu simu za wateja usiku. Na wewe unalipa dola, mteja wa Masasi analipa shilingi. Nje ya msimu wa korosho huenda akachelewa.

Kabla ya kuiga bei ya mtu, kodi seva pepe yake mwezi mmoja. Andika amri ya Linux iitwayo top saa za jioni, tazama namba ya st, yaani asilimia ya muda ambao seva pepe inasubiri prosesa inayotumiwa na wengine: ikikaa juu ya 10, prosesa imegawiwa wengi mno, ndiyo maana bei yake ni ya chini.