Mifupa mingi mahali pamoja si lazima iwe gharika

Hapa Goma, mtu akisikia kwamba mifupa ya kiboko, samaki na swala imekutwa imechanganyika ardhini, hukimbilia jibu moja: gharika ya Nuhu iliwasomba wote siku moja. Imani hiyo ni ya kale, na hata wasomi wa Ulaya waliishika.

Lakini mazuku, yaani mabonde yanayokusanya hewa inayoua, tunayo jirani. Kaboni dioksidi hutoka kwenye nyufa za lava na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujaa mabondeni upepo ukitulia. Mbuzi anashuka kula majani, anaanguka. Mbwa ananusa mzoga, anamfuata. Baadaye ni ndege, au nyoka. Maji hayakuhusika hata tone, wala hawakufa siku moja. Ila majivu yakiwafunika, atakayechimba atawakuta pamoja.

Huko La Brea, Los Angeles, lami ilinasa wanyama kwa makumi ya maelfu ya miaka. Walao nyama ni wengi kuliko walao majani, maana mnyama mmoja aliyenaswa aliita wawindaji kadhaa. Maji yangechagua hivyo kweli?

Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akakuta mifupa ya samaki na wanyama pamoja na vyusa vya mfupa: masalia ya mlo wa wavuvi wa kale.

Mafuriko nayo hukusanya mifupa, ni kweli, lakini maji huisugua kingo. Fisi huacha alama za meno, na kisu cha jiwe huacha mikato myembamba, iliyonyooka.