Kwa nini huoni Vitz ya dizeli

Kazi yangu ni kutengeneza pampu na nozo za injini za dizeli, na karibu kila mteja mwenye ndugu Ulaya ameshaniuliza swali hili: mbona huko watu wa kawaida wanaendesha vigari vidogo vya dizeli, na huku kwetu dizeli ni ya malori, mabasi, Hiace na Land Cruiser? Majibu ya vijiweni yapo mengi. Wapo wanaosema dizeli ni injini ya mizigo, wapo wanaosema ina kelele, wapo wanaosema haivumilii foleni. Kila moja lina chembe ya ukweli, ila hakuna hata moja linalojibu swali.

Chukua Toyota Vitz. Ulaya inaitwa Yaris, na tangu 2001 imekuwa ikiundwa Valenciennes, kaskazini mwa Ufaransa. Huko iliuzwa kwa miaka mingi ikiwa na injini ya dizeli ya lita 1.4, na Wafaransa waliinunua. Vitz ya Japani, hii inayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa, ilikuja na petroli tu. Kampuni ni moja na umbo ni lile lile, lakini ukifungua boneti unakuta injini mbili tofauti kabisa. Tofauti hiyo haikuletwa na mafundi wala na ladha ya wanunuzi. Waliopanga kodi na walioandika sheria za moshi ndio walioamua, na sisi tunaonunua mitumba tulipokea uamuzi wa watu wengine.

Tuanze na injini yenyewe kidogo. Dizeli haina plagi za cheche. Inavuta hewa tupu na kuigandamiza mara 16, mara 18, nyingine hata zaidi ya 20, mpaka hewa inachemka kiasi cha kuwasha mafuta yanapopulizwa na nozo. Mgandamizo huo ndio unaoifanya itumie mafuta kidogo, na juu ya hapo lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10. Lakini joto lile lile, penye hewa nyingi, linaunganisha nitrojeni na oksijeni kuwa oksidi za nitrojeni, gesi zinazochoma mapafu. Na pale ambapo matone ya mafuta hayajachanganyika vizuri na hewa, yanaungua nusunusu na kutoa masizi. Kwa hiyo serikali inayotazama kiasi cha mafuta kinachoingia kwenye tangi itaipenda dizeli, na inayotazama ekzosi itaiogopa.

Ulaya ilitazama tangi. Ufaransa iliitoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli kwa miongo kadhaa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2003 iliweka kiwango cha chini cha ushuru kuwa yuro 359 kwa kila lita 1,000 za petroli, na yuro 302 tu kwa dizeli, kabla ya kupandishwa hadi 330 mwaka 2010. Halafu ikaingia hoja ya hali ya hewa. Mwaka 1998 watengenezaji wa magari wa Ulaya walikubaliana na Tume ya Ulaya kwamba ifikapo 2008 wastani wa kaboni dayoksaidi kwa gari jipya ushuke hadi gramu 140 kwa kilomita. Njia rahisi ya kufika huko ilikuwa dizeli, na teknolojia ilikuwa ndiyo kwanza imefika: mfumo wa reli moja yenye mgandamizo mkubwa, unaolisha nozo zote, uliingia kwenye gari dogo mwaka 1997 na Alfa Romeo 156. Ule mtetemo na kelele za zamani vikapungua sana.

Uingereza inafundisha zaidi, kwa sababu yenyewe ilitoza dizeli na petroli ushuru sawa kwenye pampu. Ilichofanya mwaka 2001 ni kupanga ada ya mwaka ya gari kwa kufuata kaboni dayoksaidi. Muongo mmoja baadaye karibu nusu ya magari mapya yalikuwa ya dizeli. Ufaransa ilishafika mbali zaidi: mwaka 2012 zaidi ya magari 7 katika kila 10 mapya yalikuwa ya dizeli.

Anayedhani hayo ni mapenzi ya Wazungu kwa dizeli na aitazame Ugiriki. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari binafsi ya dizeli yalipigwa marufuku Athens na Thessaloniki kwa sababu ya moshi, teksi ziliruhusiwa. Hivyo gari la dizeli lilikuwa adimu kwa Mgiriki wa kawaida wakati majirani zake wakijaa nayo. Marufuku ikaondolewa mwishoni mwa 2011, na ndani ya miaka michache zaidi ya nusu ya magari mapya yakawa dizeli. Watu hawakubadilika, na barabara zilikuwa zile zile. Kilichoondoka ni sheria. Brazil inaonyesha upande wa pili: tangu 1976 magari madogo ya dizeli yamezuiwa, ili dizeli iliyokuwa ikiagizwa kwa fedha za kigeni ibaki kwa malori na mabasi. Wanaoruhusiwa ni wenye magari ya kubeba tani moja na zaidi na yale ya kazi ya 4x4. Mbrazili anaweza kuwa tajiri kiasi gani, Polo ya dizeli hataipata dukani.

Marekani ni kisa kirefu. Kodi ya serikali kuu ya huko ni senti 18.4 kwa galoni ya petroli na senti 24.4 kwa dizeli, yaani kinyume cha Ulaya. Viwanda vyao vya kusafisha mafuta navyo vilijengwa kuvuna petroli nyingi iwezekanavyo kutoka kila pipa, hadi ikawa Ulaya inawauzia petroli yake ya ziada na kuagiza dizeli kwingine. Na kabla ya yote hayo, kulikuwa na Oldsmobile, chapa ya General Motors. Mwaka 1978, wakati watu bado wana hofu ya uhaba wa mafuta, kampuni hiyo ilitoa injini ya V8 ya dizeli ya lita 5.7. Bloku iliimarishwa, lakini boliti za silinda hedi zilibaki kwa mpangilio ule ule wa injini ya petroli. Kwa fundi, hilo linatosha. Mgandamizo wa dizeli ni zaidi ya maradufu ya petroli. Boliti zilivutika, gasketi zikaachia, maji yakaingia kwenye silinda, na maji hayagandamiziki. Isitoshe, mfumo wa mafuta haukuwa na kitenganisha maji, wakati dizeli ya vituo vingi ilikuwa na maji; pampu na nozo zikaliwa na kutu. Injini iliondolewa sokoni mwaka 1985, na kizazi kizima cha Wamarekani kikabaki na imani kwamba dizeli ni balaa.

Lakini naamini kilichoizuia zaidi miaka ya karibuni ni ekzosi. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika 2004 iliweka wastani wa gramu 0.07 za oksidi za nitrojeni kwa maili, sawa na gramu 0.043 hivi kwa kilomita, bila kujali mafuta unayotumia. Ulaya, hata ilipofika kiwango cha moshi cha Euro 5 mwaka 2009, iliruhusu dizeli gramu 0.18 kwa kilomita, mara tatu ya petroli. Gari lililopita Ulaya bila shida lilihitaji mitambo ya gharama kubwa kwenye ekzosi kabla ya kuuzwa Marekani. Pengo hilo ndilo Volkswagen ilijaribu kuliruka kwa programu ya udanganyifu iliyofichuliwa Septemba 2015, na magari takribani milioni 11 duniani yalikuwa nayo.

Sasa Japani, ambako ndiko jibu letu liliko. Huko kodi ingetosha kuipendelea dizeli: wakati huo ilikuwa yeni 32.1 kwa lita, dhidi ya yeni 53.8 za petroli. Na kweli, miaka ya 1990 Wajapani walinunua Pajero, Prado na Hilux Surf za dizeli kwa wingi, na hata Corolla zenye injini ya 2C zilikuwepo. Kilichogeuza mambo ni masizi. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianzisha kampeni dhidi ya dizeli, akawa anasimama mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki yenye masizi meusi ya ekzosi, anaitikisa waione. Taifa likakaza sheria ya oksidi za nitrojeni na masizi mwaka 2001 kwa maeneo ya miji mikubwa, na kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani wakazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango. Mwenye Prado ya dizeli mjini alijikuta hawezi tena kuisajili. Nyingi ziliuzwa nje, na hizo ndizo zile Prado zenye injini ya dizeli ya 1KZ mnazozijua. Watengenezaji nao wakaacha kabisa kuweka dizeli kwenye gari dogo la soko la nyumbani, wakaelekea magari ya mseto, yanayotumia petroli pamoja na betri. Prius ilishaanza kuuzwa Desemba 1997.

Sisi hatukushirikishwa katika uamuzi huo, ila tumeurithi wote. IST, Passo, Axio, Fielder, zote zimezaliwa katika nchi iliyokwisha kuifukuza dizeli kwenye gari dogo. Ukiacha Hiace na zile Prado za zamani, nyingi zinazokuja na dizeli kwetu ni zile zisizopitia soko la mitumba la Japani: Hilux zinazoundwa Durban na Thailand, au Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ zinazoagizwa mpya na serikali na mashirika.

Ni kweli pia kwamba hata kama zingekuja mapema, mafuta yetu yangeziua. Dizeli ya Afrika Mashariki ilikuwa na salfa ya kuhesabiwa kwa mamia ya sehemu kwa milioni, na huko nyuma maelfu. Ni mwanzoni mwa 2015 nchi za Jumuiya zilipohamia kiwango cha 50. Salfa nyingi inaharibu mitambo ya kusafisha moshi. Na kulikuwa na uchakachuaji. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, kuyachanganya kwenye dizeli kulikuwa biashara. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama za kugundua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010, kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mwaka uliofuata. Kenya nayo ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Pampu ya mfumo wa reli haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Nikiifungua pampu iliyoliwa, nakuta vumbi la chuma linalong'aa chini ya filta, na sindano ya nozo ina michirizi inayoonekana kwa macho. Hapo mteja ananunua pampu, nozo zote na kusafishiwa tangi. Injini ya 1HZ, isiyo na kompyuta, inavumilia madhila hayo vizuri zaidi, na sishangai kwamba inapendwa porini.

Siku hizi dizeli ndogo kutoka Japani zimeanza kuonekana: Mazda CX-5 ya 2012 na kuendelea, kisha Demio ya lita 1.5. Mazda walishusha mgandamizo hadi mara 14 hivi ili joto lipungue na oksidi za nitrojeni zishuke bila mitambo mingi ya ziada. Nazikubali sana kihandisi. Ila zina DPF, chujio la masizi ambalo hujichoma na kujisafisha gari likitembea mwendo mrefu wa kasi. Anayekwenda Morogoro kila wiki atafurahi. Anayetoka Sinza kwenda Kariakoo na kurudi, kwenye foleni, atalijaza masizi mpaka taa iwake.

Ulaya yenyewe, tangu 2015, magari mapya ya dizeli yameshuka kutoka nusu hadi takribani moja katika kila kumi. Nchini India, Maruti Suzuki iliacha dizeli Aprili 2020 viwango vipya vya moshi vilipoanza, baada ya ruzuku ya dizeli kuondolewa 2014. Na Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia, kwa hiyo kinachosajiliwa Japani mwaka huu ndicho kitakachokuwa Mombasa kabla ya muongo kwisha. Kwa sehemu kubwa ni mseto wa petroli, na mafundi wenzangu wa nozo tumeshaanza kujifunza betri.