Watawa wa Iona hawakujitenga na dunia

Wengi huamini kwamba watawa wa Iona, kisiwa kidogo magharibi mwa Uskoti, walikimbilia huko kujificha. Sivyo. Columba, mtawa aliyeanzisha monasteri hiyo, alipofika kutoka Ireland mwaka 563, bahari ndiyo iliyokuwa barabara kuu. Nchi kavu ilikuwa milima na matope. Watawa walisafiri kwa mashua za ngozi iliyowambwa juu ya fito, na vyombo vya mbao pia, ambavyo viliwafaa hata kukokota magogo ya kujengea. Mgeni aliyefika ng'ambo, kisiwani Mull, alipaza sauti tu avushwe. Inasimuliwa kuwa mgeni mmoja, kwa pupa ya kumsalimu Columba, alimwaga wino wa Columba kwa pindo la vazi lake. Wageni hawakukosekana, basi; pengine walizidi.