Je, Wajua Kwa Nini Wino wa Alkoholi Hujichora Wenyewe?

Chukua doa la bluu la wino wa alkoholi, yaani wino uliotengenezwa kwa alkoholi badala ya maji, lililokwisha kukauka, kisha udondoshe katikati yake tone moja la alkoholi isiyo na rangi. Papo hapo bluu inakimbilia pembeni, katikati panabaki peupe, na ukingoni unajitokeza mstari mwembamba uliokolea kuliko kwingine kote. Brashi haijagusa kitu.

Kwanza, tazama kinachochorewa. Karatasi ya kawaida ingeufyonza wino huo mara moja na mchezo ungeishia hapo. Ndiyo maana wachoraji hutumia vigae, kioo, au karatasi za plastiki kama zile za chapa ya Yupo. Hapo wino hubaki juu juu, huru kutembea mpaka alkoholi iruke hewani.

Lakini kwa nini utembee? Uso wa kila kimiminika hujivuta, mithili ya ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Maji hujivuta kwa nguvu inayozidi mara tatu ile ya alkoholi ya isopropili, inayotumika sana katika sanaa hii na ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa na maji kiasi. Pembeni, ambako tone ni jembamba, alkoholi hukauka upesi na maji hubaki. Mvutano wa hapo unapanda na kuvuta kimiminika cha katikati pamoja na rangi yake. Hayo ndiyo yanayofanya mvinyo utiririke kama machozi ndani ya glasi. Mwanafizikia James Thomson aliyaeleza mwaka 1855, ila sifa ilimwendea Mwitaliano Carlo Marangoni, aliyeandika juu yake mwaka 1865. Ukingo nao hukauka kwanza, rangi ikalundikana hapo: ndio ule mstari.

Tone liliweza kuamsha doa kavu kwa sababu wino huu haufungi moja kwa moja. Ukikutana na alkoholi huyeyuka upya. Kwa mchoraji hiyo ni neema, maana anaweza kurekebisha hata kesho. Kwa anayetaka kuhifadhi mchoro ni balaa: vanishi yenye alkoholi ikipakwa kwa brashi inauvuruga wote, hivyo hupulizwa kidogo kidogo. Tena wino mwingi wa aina hii umetiwa rangi zinazoyeyuka kabisa. Hizo ndizo zinazoupa mng'ao kama wa kioo, na ndizo zinazopauka upesi juani. Binafsi nisingeutundika mkabala na dirisha, hata ukiwa na vanishi ya kuzuia miale.