Kabla ya kufunga kizazi au kutoa kizazi, ulizia mirija yako

Wanawake wengi ninaowahudumia hapa Dar es Salaam, wakishapimwa saratani ya shingo ya kizazi hospitali ya Ocean Road au kituo cha afya cha jirani, huamini kizazi chote kimekaguliwa. Kipimo kile hakifiki kwenye ovari (vifuko vya mayai), na hakionyeshi saratani ya ovari. Hata chanjo ya HPV (virusi vya saratani ya shingo ya kizazi), ambayo wasichana wetu wanapewa tangu 2018, haikingi ovari.

Kibaya zaidi, kwa mwanamke asiye na dalili hatuna kipimo cha saratani ya ovari kilichothibitika kuokoa maisha. Uingereza ilifanya utafiti wa wanawake zaidi ya 200,000, baadhi wakipimwa damu (kipimo cha protini iitwayo CA-125) au ultrasaundi kila mwaka. Matokeo ya 2021 yalionyesha vifo havikupungua. Ndiyo maana simshauri mwanamke mwenye afya njema kulipia CA-125 kila mwaka. Hata fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) au hedhi huweza kuipandisha.

Kinga iko kwingine. Saratani nyingi za ovari zilizo kali, inavyoonekana, huanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi, kisha seli zake huangukia ovari. Kwa hiyo tangu 2010 madaktari wa British Columbia, Kanada, walianza kuhimiza mirija itolewe mwanamke anapofanyiwa upasuaji mwingine. Dada yangu, kama umemaliza kuzaa na unatolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi, au unafunga kizazi wakati wa upasuaji wa kujifungua, muulize daktari: mirija yote inaweza kutolewa, ovari zikabaki? Ovari zikibaki, homoni zinaendelea. Natamani swali hili liulizwe kila wodi.

Vidonge vya majira navyo, vikitumika miaka 5 au zaidi, hupunguza hatari kwa karibu nusu, na kinga hudumu miaka mingi baada ya kuacha. Mwenye presha au historia ya damu kuganda aongee na daktari kwanza. Kunyonyesha pia husaidia.

Wenye kasoro ya jeni ya BRCA1 ni habari nyingine: takriban 40 kati ya 100 au zaidi huugua saratani ya ovari, wakati kwa wanawake wengine ni kama 1. Hao hushauriwa kutoa ovari na mirija wakiwa na miaka 35 hadi 40, wakishamaliza kuzaa. Jeni hiyo hupitia kwa baba pia, na familia zetu husema tu "alivimba tumbo akafariki". Waulize wazee: shangazi yupi, bibi yupi, akiwa na umri gani? Aliyeugua titi je? Andika majibu, uje nayo kliniki.