Programu ya kuedit haifunguki? Usikimbilie kupiga Windows

Wengi wetu huku Arusha, hasa tunaoedit video za harusi na sendofu, tunaamini programu ikigoma kufunguka basi kompyuta ina virusi na dawa ni kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuisakinisha tena. Imani yenyewe haikutoka hewani, ukipiga Windows mara nyingi inafunguka kweli, ila kinachoponya mara nyingi ni kwamba mafaili ya setingi yaliyoharibika yamefutika na draiva ya kadi ya grafiki (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo) imewekwa upya, na hayo mawili unayafanya bila kugusa video hata moja ya mteja.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, orodha ya programu zinazoendelea kufanya kazi, uone kama programu imejificha humo inahema chinichini huku kwenye skrini hakuna kitu. Ikiwepo izime, fungua tena. Kwa Premiere Pro, programu ya kuedit video, shikilia Alt inapofunguka, itakuuliza kama urudishe setingi za mwanzo, projekti haziguswi.

Bado? Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel ubonyeze Enter. Inatokea chati ya siku kwa siku, alama nyekundu ndo pale kitu kilipoanguka, ifungue usome jina la faili. Mimi nilikuta nvoglv64.dll, hiyo ni ya draiva ya NVIDIA, watengenezaji wa kadi za grafiki, nikashusha draiva mpya kwenye tovuti yao kazi ikaendelea.

Virusi vipo sikatai. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikiwa ndogo nayo inasumbua, ila hapo kwa kawaida programu inafunguka vizuri tu halafu inaanza kukwamakwama ukiwa katikati ya kukata klipu.