Je, wajua kwa nini pedi ya breki "orijino" huenda haikutengenezwa na kampuni ya gari lako?

Ingia duka la spea Nakuru mjini, au Kondele kule Kisumu, uulize pedi za breki za mbele za Probox. Kabla muuzaji hajagusa rafu atakuuliza: "Orijino au za kawaida?" Bei mbili, na moja inauma. Wengi hujibu kwa kutazama mfuko, halafu wanaondoka wakiamini kwamba wamechagua kati ya pedi ya Toyota na pedi ya watu wengine. Mambo hayako hivyo.

Kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi pedi. Zinaagiza kwa viwanda vya breki. Toyota, kwa mfano, hununua kwa Advics, kampuni iliyoundwa mwaka 2001 na Toyota yenyewe pamoja na Aisin, Denso na Sumitomo Electric, na pia kwa Akebono, kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1929. Kiwanda kile kile huweza kuuza pedi kwa njia mbili: ndani ya sanduku la Toyota, na ndani ya sanduku lenye jina lake mwenyewe. Hapo ndipo mafundi wengi husema, "Ni kitu kimoja, lipa kidogo." Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine umbo ni moja lakini mchanganyiko ni tofauti, na umbo silo linalosimamisha gari.

Pedi ni bati la chuma lililobandikwa mchanganyiko wa gundi ya resini, nyuzi, unga wa madini, grafiti na chembe za kukwaruza, vyote vikiokwa chini ya shinikizo. Ukibadilisha kiasi cha kimojawapo unabadilisha mshiko, kelele, vumbi na jinsi pedi inavyostahimili moto. Unachokilipia kwenye sanduku la kampuni ya gari ni uthibitisho kwamba mchanganyiko huo mahususi ulijaribiwa pamoja na diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu), kalipa (kibanio kinachobana pedi kwenye diski) na uzito wa gari hilo. Pedi ya kampuni nyingine inaweza kufikia kiwango hicho, hata kukipita. Inaweza pia kuwa udongo uliopakwa rangi. Kwa hiyo tafuta alama za kukutofautishia.

Ya kwanza ni herufi mbili zilizochapwa mgongoni au ubavuni mwa pedi, kwa mfano FF, mara nyingi zikiwa mwishoni mwa mstari wa namba. Ni alama ya Marekani ya mshiko. Herufi ya kwanza inaeleza mshiko pedi ikiwa na joto la kawaida la kazi, ya pili ikiwa imechemka. Kwa kipimo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE inashika vizuri barabara ya mjini kisha inalegea ikipata moto. EE inakulazimisha kukanyaga kwa nguvu zaidi tangu mwanzo. Kwa gari dogo la kawaida, usishuke chini ya FF. Lakini usiifanye herufi hiyo kuwa dini: kipimo hufanywa kwa kipande kidogo cha pedi maabara, hakisemi chochote kuhusu kelele wala muda itakaodumu, na mwenye kughushi anaweza kuchapa herufi yoyote apendayo.

Alama nzito zaidi ni ya Ulaya: herufi E ndani ya mduara, namba ya nchi pembeni (E1 ni Ujerumani, E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza), ikifuatwa na namba inayoanza na 90R. Kanuni ya 90, inayotajwa na namba hiyo, inadai pedi mbadala isimamishe gari kwa kiwango kisichotofautiana na pedi ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Ukiiona alama hiyo kwenye bati lenyewe, na si kwenye karatasi ya sanduku pekee, unashika pedi mbadala ambayo unaweza kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Kwa nini haya yatusumbue sisi wa huku kuliko mtu wa tambarare? Kwa sababu ya milima yetu. Chukua gari la kilo 1,300 pamoja na abiria. Kulisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa, breki humeza takriban kilojuli 320 na kuzigeuza joto. Gari hilo hilo likishuka mita 100 za kimo, mlima unalipa karibu kilojuli 1,275, yaani sawa na kulisimamisha mara nne mfululizo bila kupumzika. Sasa fikiria mteremko wa kutoka Nandi Hills kwenda Chemelil, unaoshusha mamia ya mita kwa kona, au kutoka Mau Summit kuja Salgaa ukiwa na mzigo. Dereva anayeshuka huko mguu ukiwa juu ya breki badala ya kutumia gia ndogo anaoka pedi. Na magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Pedi dhaifu ikipita kiwango chake cha joto, resini huanza kuungua na kutoa gesi, na gesi hiyo inakaa kama utando kati ya pedi na diski. Unakanyaga, pedali ni ngumu kama jiwe, gari haliitiki. Hiyo ni pedi. Lakini pedali ikilegea na kuzama hadi sakafuni, kosa liko kwenye mafuta ya breki: yamechemka. Watu huzichanganya dalili hizi mbili na kubadilisha pedi nzuri bure. Mafuta ya DOT 3 (DOT na namba yake ni daraja la mafuta ya breki) yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya unyevu huweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Hewa ya Kisumu ina unyevu mwingi, na mafuta ya breki hunyonya unyevu kama chumvi. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama bado yanaonekana safi.

Kuhusu aina ya mchanganyiko: magari mengi yanayotoka Japani huja na pedi za nyuzi zisizo na chuma kingi, kwa sababu Wajapani wanataka utulivu na rimu safi. Zinafaa sana mjini. Pedi za nusu chuma hustahimili moto vizuri zaidi, ila hupiga kelele zikiwa baridi, hula diski haraka na hupeleka joto zaidi kwenye kalipa. Za seramiki ni kimya, vumbi dogo, na bei yake ni ya juu. Ushauri wetu kwa mtu wa Milimani Kisumu anayeenda kazini na kurudi: pedi ya kiwandani, au pedi mbadala ya kampuni inayojulikana yenye ile alama ya Ulaya ya E ndani ya mduara. Hatapata faida yoyote kwa kulipia zaidi ya hapo. Probox inayobeba mzigo na abiria kila siku kwenye milima ni jambo jingine: hapo pedi nzuri ya nusu chuma yenye FF au zaidi huenda ikafanya kazi vizuri kuliko ile iliyokuja na gari, kwa kuwa gari lenyewe halikuundwa kwa mzigo huo.

Kuna mbili tusizozikubali kabisa. Ya kwanza ni pedi isiyo na jina, isiyo na namba ya toleo wala herufi za mshiko. Ya pili ni pedi ya mtumba iliyotolewa gari likivunjwa: huwezi kujua imeungua mara ngapi au imenywa mafuta kiasi gani.

Feki nazo zipo, na nyingi huvaa sanduku la kampuni ya gari kwa sababu hapo ndipo pesa ilipo. Kwa Toyota, pedi za mbele huanza na namba 04465, za nyuma 04466, na breki shuu za nyuma 04495. Namba ya sanduku isipolingana na fremu namba ya gari lako, rudisha. Kisha tazama pedi yenyewe. Maandishi yanayofutika kwa kidole, gundi iliyovuja ubavuni, ufa kati ya bati na mchanganyiko, au bati jembamba kuliko la pedi uliyotoa ni sababu ya kutosha ya kuondoka dukani. Na uende na pedi ya zamani mkononi. Magari yenye jina moja yanaweza kuwa na pedi tofauti kulingana na mwaka na injini.

Sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa pedi mbadala, hata hivyo, ni makosa ya ufungaji. Kelele ya kupiga mluzi hutokana mara nyingi na vibati vyembamba vya nyuma ya pedi kutupwa. Toyota huuza vibati vya mbele kando, namba zikianza na 04945, na fundi mwenye haraka huviona kama takataka. Kabla ya kurudisha ndani pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi, fungua chombo cha mafuta ya breki na upunguze kidogo, yasije yakafurika na kula rangi. Kalipa ining'inizwe kwa waya, isiachwe ikining'inia kwa paipu yake. Sugua kwa brashi ya waya mahali ambapo masikio ya pedi hukaa. Pedi lazima iteleze kwa mkono bila nyundo. Pini za kalipa zipakwe grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya bearing huvimbisha mipira na kukwamisha pini. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa hewa, kwani pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Diski nayo ipimwe: unene wa chini kabisa unaoruhusiwa huandikwa juu yake, na pedi mpya juu ya diski yenye mabonde haitashika ipasavyo hata ingekuwa ya dhahabu. Badilisha kulia na kushoto pamoja, na kabla ya kusogeza gari kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu.

Kisha pedi ioanishwe na diski. Tafuta kipande tambarare kisicho na gari nyuma yako, ongeza mwendo hadi kilomita 60 kwa saa, punguza kwa nguvu ya wastani hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia mara nane hadi kumi ukiacha nusu dakika katikati. Halafu endesha dakika kumi bila kushika breki sana ili zipoe. Usisimame ukiwa umekanyaga breki pedi zikiwa na moto, zitaacha alama kwenye diski na baadaye usukani utatetemeka. Pedi mpya zisishushwe mlima siku hiyo hiyo.

Kwenye sevisi inayofuata, kama kilomita 5,000 mbele, fungua gurudumu ulinganishe pedi ya ndani na ya nje. Ya ndani ikiwa imeisha zaidi, tazama pistoni kama inarudi vizuri. Ya nje ikiwa nyembamba, au pedi ikiwa imeliwa upande mmoja kama kabari, pini zimekwama. Pedi ikibaki milimita 3, ibadilishe, na utoe ile ya zamani uende nayo dukani.